Mabati Yanayong'aa Izigo

Mjukuu wangu Koku,

Hapa Kagondo tumeamka salama, na bibi yako ameanza kuchuma kahawa. Unauliza kama setilaiti ya rada mnayosomea huko, ikikaa angani juu yetu bila kuhama, itatuona sote hata penye mawingu.

Miaka ile ya UKIMWI nilikuwa karani kijana wilayani Muleba. Mtaalamu mgeni alituletea picha ya rada: ziwa jeusi, migomba ya kijivu, mapaa ya mabati yaking'aa kama nukta nyeupe.

"Karani, Izigo kuna watu wengi!" akasema kwa furaha.

Nyumba nyingi nilizijua: milango imefungwa, wenyewe wamezikwa palepale kibanjani, kwenye migomba yao. Ziling'aa sawasawa na nyingine. Nukta moja ilikuwa nyumba ya dada yangu Stela, ambaye sikuwa na habari zake tangu augue.

Nikaenda siku hiyohiyo. Mlango umefungwa, uani kimya. Nikabisha.

"Kama umekuja kuzika, rudi," sauti ikasema ndani. "Bado nipo."

Stela alituacha baadaye. Mabati yake yapo mpaka leo, na setilaiti yenu itayaona yaking'aa vilevile. Ukija likizo, twende tukapige hodi, ndipo ujue kama kuna mtu ndani.

Babu yako