Maziwa Ninayomchemshia Fundi Wangu

Mama Simaloi, shikamoo. Nakuandikia huku nalia, nisaidie kabla sijachelewa. Mimi ni Ndeshi wa Sekei, mume wangu Eliamini ni fundi wa kuchomelea alumini, karakana yake ni chumba cha nyuma ya nyumba yetu, wafugaji wanamletea keni za maziwa zilizopasuka anaziziba, na kwa kuwa upepo wa Meru ulikuwa unapeperusha gesi ya mashine inayokinga alumini ikichomelewa na kazi inatoka na matundu, aliniomba nimzibie dirisha kwa magunia, nikaliziba kwa mikono yangu, mwaka wa nne huu, na kila akitoka humo nampa nusu lita ya maziwa ya moto kwa sababu mafundi wote wanasema maziwa yanaosha moshi kifuani, nami nikajiona mke mwema kweli.

Eliamini alikuwa besi wa kwaya yetu, akiimba unasikia benchi linatetemeka, lakini tangu Pasaka hamalizi ubeti, anakaa chini na kujifanya anatafuta ukurasa kitabuni, na mwezi uliopita daktari akasema mapafu yameumia, asikae tena kwenye moshi, tulipofika nyumbani nikamwambia tufungue dirisha, akanijibu, "Ndeshi, kazi itaharibika, wewe niongezee maziwa tu." Nikamwongezea. Jumapili iliyopita hakwenda kanisani, alisema joho la kwaya linambana, na joho hilo siku hizi linampwaya. Nikikataa kumchemshia ataona simpendi tena. Nifanye nini?

Ndeshi, Sekei

Marahaba, Ndeshi. Pole sana, mwanangu. Nilipofika pale anapojifanya kutafuta ukurasa niliweka miwani chini, nikashindwa kuendelea.

Sasa nikugombeze. Maziwa yanakwenda tumboni, moshi unakwenda kwenye mapafu, na hata ukimnywesha ndoo nzima havitakutana. Daktari amekwambia, nawe ukatoka pale moja kwa moja hadi jikoni! Na huyo fundi wako anayeuona ufa wa keni ulio mwembamba kama unywele, haoni kwamba chumba hakipumui? Hata hiyo gesi ya mashine, ikijaa mahali palipofungwa, inafukuza hewa.

Leo hii toa yale magunia. Mashine isiwashwe mpaka daktari amwone tena. Akiruhusiwa, ahamie kwenye banda lililo wazi, upepo aukinge kwa bati upande mmoja tu, na feni ya kuvuta moshi iwe kando ya kazi, iutoe nje kabla haujamfika usoni. Asiinamie kazi. Keni azioshe kwa maji na sabuni zikauke, asiguse dawa ya kusafishia breki ambayo mafundi wengine huondolea mafuta, maana ikikutana na moto ule inaweza kutoa sumu. Anunue barakoa ya kuchuja moshi inayoshika uso vizuri, kitambaa cha shingoni ambacho mafundi hujifunga puani hakichuji kitu.

Kuhusu sauti yake sitakudanganya, huenda isirudi, kwa hiyo usimwahidi. Mrudishe kanisani akae kwenye benchi la besi hata asipoimba, wenzake wamwone.

Na maziwa mchemshie, ni chakula. Ila mpe mezani, kaa naye, umwambie: "Haya hayaoshi kitu, Eliamini. Nakupa kwa sababu nakupenda."