Samaki ya shaba kwa shingo ya Clarisse

Siku ya posho, jumamosi jioni

Na bacheke tena, tuone. Mutoto ameivaa.

Wiki muzima bashangazi bake banasema: Clarisse anamaliza jiolojia, huyu muzee atamupa nini? Bao balileta mukufu wa dhahabu. Clarisse alisema merci, akaurudisha ndani ya kisanduku. Mujukuu wangu hapendake dhahabu. Anapendaka mawe yenye samaki ya zamani ndani. Niliogopa kado yangu, zawadi ya muzee, nayo itafungiwa vile vile.

Mawe ya vile mi sina. Basi niliiba samaki moja kadogo, ya kukauka, ya Pweto, kwa jiko ya muke wangu. Nikaikandamiza ndani ya udongo, nikamwaga shaba ya moto mahali ilipoacha chapa. Mifupa yote ilitoka, nikaitoboa shimo ya kamba.

Clarisse aliigeuza, akapitisha kidole kwa mifupa.

"Nkambo, hii fosili iko na myaka ngapi?"

"Iko ya juzi. Muulize bibi yako, mpaka sasa iko anaitafuta."

Alicheka mpaka machozi, akaivaa mbele ya baprofesa bake. Moja akaniuliza nimeichimbua wapi. Nikamujibu, kwa jiko.

Wakati ya picha, Clarisse aliinua kidevu ili ionekane. Bashangazi balisimama nyuma. Nyuma kabisa.