Juisi ya Mchumba Wako Abel

Apolonia, macho yangu hayajawahi kunidanganya! Ingawa jana nilikiamkia kichuguu.

Leo nimemkuta mchumba wako Abel, yule aliyekuapia kwamba pombe ameacha. Yuko hotelini Geita, kando ya bwawa la kuogelea, miguu juu kama mwenye mgodi. Mkononi ana glasi ya barafu nyekundu iliyosagwa, na kimwavuli juu!

Nikasogeza pua. Ramu!

"Juisi ya ubuyu hii, shemeji. Hiyo harufu ni dawa ya bwawa."

Dawa ya bwawa, shoga yangu!

"Haya, kunywa basi."

Kabla ya kunywa akamwaga kidogo chini, akanong'ona, "Pokeeni, babu zangu."

"Abel, tangu lini mababu wa Kisukuma wakatambikiwa kwa juisi?"

Eti, "Nao wameacha pombe, shemeji."