Shamba Lililonadiwa kwenye Ngazi za Kanisa

Saint-Fulbert, Kwebeki
Novemba 1938

Mpendwa dada yangu Délima (jina lako la usista linanishinda kuandika),

Natumaini magoti yako yanaivumilia sakafu ya hao masista. Mimi mzima, ila nimebaki na meno mawili, nayo hayaelewani.

Habari kubwa ni Ota Löwy, Myahudi kutoka kijiji cha karibu na Praha, mkulima wa viazi. Serikali imemwambia akipata shamba hapa, mkewe na binti zake wataruhusiwa kuingia. Asipopata, watabaki hukohuko ambako Wayahudi wanaanza kuwindwa. Philias, meya wetu, akamjibu kwamba sisi Wafaransa hatuna nafasi, aende kwa Waingereza. Bwana Hathaway wa kiwanda cha mbao akampa chai, akamwambia kwa upole kwamba yeye hana neno, tatizo ni majirani. Lugha mbili zisizokubaliana hata bei ya chumvi, hapo zikaimba pamoja! Philias akatukataza wote kumuuzia. Nikamuuliza, je, Bikira Maria naye angemfukuza? Akaniambia mzee nenda kalale, umelewa. Uongo, ilikuwa asubuhi mno.

Jumapili baada ya misa ukafika mnada wa roho za marehemu, pale kwenye ngazi za kanisa, pesa zake zilipie misa zao, na mnadi ni mimi kama kawaida. Nikauza kichwa cha nguruwe, nikauza kabichi, kisha nikapaza sauti: shamba la marehemu baba, na sehemu ya bei ni ya misa zake! Wakacheka hadi machozi, wakidhani natania. Philias akauliza kama na ng'ombe wangu kipofu yumo. Nikamwambia yumo, njoo umkamue, mtaonana vizuri tu. Löwy, niliyemficha nyuma ya umati, akainua mkono. Nikaita mara tatu, nikapiga fimbo, wao bado wanacheka. Kilichonadiwa kwenye ngazi zile hakirudishwi, wajua. Padri akabaki kutazama viatu vyake, maana nani atamnyang'anya marehemu misa?

Sasa kaa chini, dada. Shamba ni letu sisi wawili, nami sikukuuliza. Nilitangaza mbele ya parokia nzima kwamba umekubali. Alhamisi mwanasheria atakuja hapo kwenu na Löwy. Ukinuna, nuna huku unatia sahihi. Ukikataa, basi chukua kalamu umwandikie mkewe, Hedvika, wewe mwenyewe, umweleze kwa nini. Mkono wangu hautaandika hayo.

Mimi nimeshahamia kwenye kibanda cha kuchemshia utomvu wa miti uwe sukari. Nisalimie masista wote, hata yule mwenye masharubu.

Ni mimi kaka yako, asiyerudi nyuma,
Onésime