Jamu Uliyomwachia Mama

Misheni ya Nkoaranga,
Kwa mkono wa Mwinjilisti Sumari,
Arusha.
18 Januari 1954

Mpendwa mdogo wangu Eunike,

Pokea marahaba yangu hata kabla hujaniamkia. U hali gani huko Lushoto? Kifua kimepona? Na wale watoto wa Wazungu unaowalea kazini, bado wanasumbua kula? Sisi hatujambo. Mama magoti yanamuuma, lakini Jumapili hakosi kanisani. Jua ni kali mwezi huu, hata migomba imesinyaa.

Sasa nikupe habari za ile jamu yako ya stroberi. Tangu ulipokuja Krismasi na hao mabwana zako kwenye shamba lao la Usa, hapa jirani, ukaponda yale matunda na sukari na ndimu bila kuyatia motoni, ukayagandisha kwenye friji lao la mafuta ya taa na kutuletea chupa mbili, mimi sijapumua.

Chupa ya kwanza tuliila na mkate wangu ungali moto. Mkate huo niliukanda alfajiri, nikauoka kwenye debe, makaa chini, makaa juu, macho yakiniwasha kwa moshi. Wageni walijaa. Kila aliyeingia mama alimwambia, "Karibu uonje kazi ya Eunike wangu!" Hakuna hata mmoja aliyeuliza mkate umeokwa na nani.

Niliona wivu, Eunike, sikufichi. Miaka sita namchotea mama maji, namkanda magoti, kila Jumamosi namwokea mkate. Wewe unakuja siku nne na vichupa viwili, basi kijiji kizima ni Eunike, Eunike.

Chupa ya pili ulisema iliwe wiki ileile, kwa kuwa hatuna barafu. Mama wapi! Aliifungia kwenye sanduku lake la nguo, pamoja na shuka jeupe tulilobatiziwa sote, akasema ataifungua Pasaka. Asali ya marehemu baba ilikaa humo miaka miwili isiharibike, kwa nini kitamu cha mwanawe kiharibike? Mimi nilijua kitaharibika. Nikanyamaza makusudi, Mungu anisamehe.

Wiki jana tukasikia mlio sandukuni. Mama alipofungua, kizibo kilikuwa kimeruka, shuka lote jekundu, harufu kama ya pombe. Nilisimama pale nikingoja. Nilitaka nimsikie akisema, japo mara moja, kwamba kazi ya Eunike ni mbaya.

Hakusema. Alilifua shuka kwa mikono yake mwenyewe, akalianika, ndipo akaniita. "Tabea, mwandikie mdogo wako tumeimaliza yote. Mwambie ilikuwa tamu mpaka tukalamba kijiko. Asije akahuzunika ugenini, mtoto wangu."

Hiyo ndiyo barua niliyotumwa. Anaamini ndiyo hii ninayoandika, na hapa amekaa mlangoni anachambua maharage. Kusoma hajui, kwa hiyo nikimaliza nitamsomea maneno yake yeye.

Lakini mimi, Eunike, mama hajanidanganya hata siku moja. Mkate ukizidi chumvi, ananiambia. Ukiungua, anawaambia na majirani.

Kaka Naftali na mkewe Elirehema wanakusalimu sana. Shangazi Magdalena anauliza utaolewa lini, nami nimemjibu akuulize mwenyewe. Mungu akufunike kwa mkono wake na akurudishe nyumbani salama.

Ukija, usimwonyeshe mama kwamba unajua. Ila nifanyie jambo moja tu: kula mkate wangu mbele yake, useme ni mtamu. Hata ukiwa mbaya, mdogo wangu, sema.

Wako akupendaye, ingawa kwa shida kidogo,
Dada yako Tabea