Mbuzi wa Lango la Mzee Riungu

Kinoru, Meru

Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Hujambo? Goti limepoa? Na mbuzi wako hapo Kiritiri, wamepata majani? Mimi ni mzima, ila mikono inawasha kwa vumbi la kazi. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ungenikatiza kabla sijamaliza.

Mzee Riungu, mwenye hoteli ya nyama choma, alituagiza mimi na Mwenda sanamu ya mbuzi mkubwa ya kusimama juu ya lango lake. Ndiye Mwenda yule uliyemsema Krismasi, kwamba mwanamume anayechezea sanamu hana kazi, na viganja vyake lazima ni laini kama vya karani. Ilikuwa kazi yetu ya kwanza tangu tujitegemee, na mzee alionya kwamba akigusa hata kipele kimoja, tutabaki na mbuzi wetu.

Mwenda alichonga mwili kwa foamu nyeupe, ile inayowekwa kwenye maboksi ya televisheni. Mbuzi alipendeza hadi ndevu. Mimi, kwa haraka zangu, nikampaka moja kwa moja resini ya faibaglasi, ule utomvu mkali unaokauka ukawa mgumu. Mama, resini ilimla uso! Pua ilizama, akabaki anafanana na mjomba Gachoki bila meno. Nililia kwa aibu. Mwenda alicheka mpaka akakaa chini, kisha akachukua kisu akaanza kuchonga kichwa kingine.

Safari hii tulimvika kwanza karatasi na gundi ya mbao, tukangoja ikauke kabisa, ndipo tukaweka vitambaa vya faiba na resini. Tukaziba mashimo kwa filla, tukasugua kwa msasa na maji. Kwa macho tulikuwa tumemaliza. Nikakumbuka unavyochagua vibuyu sokoni, umefumba macho, kiganja kikitembea polepole. Nikafumba nami, nikampapasa. Ubavu mzima ulikuwa mabonde! Mwenda akarudia kusugua bila kunung'unika. Mzee Riungu alipokuja alimpapasa kutoka pembe hadi mkia, akamwita mkewe naye apapase. Sasa mbuzi wetu yuko juu ya lango, na mbuzi wa kweli wakipita wanamlilia.

Nisikilize sasa, Mama. Mwenda ameniomba tuoane, nami nimekubali. Wazee wake wanataka kuja kwako Agosti, na mbuzi wenye pumzi. Ninaogopa utakataa. Naomba jambo moja tu: akikupa mkono, fumba macho kama sokoni. Ulaini wote aliuacha kwa mbuzi.

Msalimie mdogo wangu Kivuti, najua ataisoma barua hii, na asimwambie mjomba nimemfananisha na nini.

Mwanao akupendaye,
Karimi