Habari ya Mguu

Dada Fausta,

Sikuulizi hujambo. Neno hilo na majibu yake yamenitia kinyaa. Utaelewa ukifika mbele.

Nimemaliza kidato cha nne, matokeo bado. Niko nyumbani Maretadu, tunapukuchua mahindi, na barua hii naiandikia juu ya gunia. Mguu wa kushoto nimeunyoosha kwa sababu nikiukunja unauma. Ni pale pale palipokuuma wewe, dada, kwenye ugoko, mfupa wa mbele chini ya goti. Nikipabonyeza nakuona umekaa kitandani katika kambi yetu ya riadha, unajibonyeza polepole na kuuma mdomo, halafu unaniambia, “Usiniangalie hivyo, Martina, mimi si maiti.”

Nianze na viatu. Wiki moja baada ya kukuzika, kocha alikuja kwenu Tumati na pikipiki. Tulidhani amekuja kutoa pole. Alikula wali, akanawa, akauliza vile viatu vya mazoezi viko wapi, maana ni mali ya kambi. Mama yako alivitoa mvunguni mwenyewe. Alikuwa ameshavifua. Kocha akavifunga nyuma ya pikipiki kwa mpira, na jioni akanipa mimi. “Vimekutosha? Basi kimbia kama mwenyewe.” Ndani kidole chako gumba kimeacha shimo, na changu kinaangukia humo humo. Nilikimbia navyo miezi yote hiyo.

Unamkumbuka yule daktari mama wa chuo, aliyekuja na wenzake kuchunguza kwa nini wanariadha wanaumia na wafanye nini wasiumie? Walitufundisha kusimama kwa mguu mmoja tumefumba macho ili vifundo vipate nguvu. Ukaanguka juu ya Regina, ukasema tumekuwa korongo wenye njaa. Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Nilimpenda siku ile. Kila walipokuja walitupanga mstari, yeye kwenye kiti na kocha amesimama ubavuni kwake.

“Shikamoo daktari.”

“Marahaba mwanangu. Habari ya mguu?”

“Nzuri.”

Ungejibu nini kingine? Sisi hata mgonjwa wa kubebwa anasema nzuri kwanza. Mtu mzima wa huku angetulia, angeuliza ya nyumbani, ya ng'ombe, angerudi tena kwenye mguu, na hapo ndipo ungesema, “Mguu nao unanisumbua kidogo.” Daktari hakurudi. Aliandika nzuri, akaita mwingine. Na lile swali la siku za mwezi, kama bado tunazipata au zimekata, alituuliza kocha akiwa pale pale, anasikiliza. Nani angesema? Kocha alikuwa ameshatuonya asubuhi: “Atakayelialia leo arudi kwao akakamue ng'ombe. Timu ya mjini haichukui vilema.” Sote tulikuwa tunaitaka ile timu. Ina ajira.

Mwezi uliopita walirudi kutueleza walichopata. Palifungwa turubai kwenye uwanja wa shule, viti vikaazimwa kanisani, kila mtu soda. Daktari akasimama akasema kambi yetu ina wanaoumia wachache kuliko kambi zote walizopita. Wachache! Mimi nimekaa hapo, ugoko unapwita. Akamgeukia kocha, “Hebu tuambie, siri ni nini?” Kocha akaweka mkono kifuani. “Ugali wa dona, maziwa na nidhamu, mheshimiwa.” Watu wakapiga makofi.

Kisha daktari akakuulizia. “Fausta simwoni, yuko wapi?” Kocha akainamisha kichwa vizuri kabisa, kama mtu wa sala. “Yule aliugua tumbo tu. Mungu amempenda zaidi.”

Tumbo tu. Beseni nililishika mimi. Ulichotapika kilikuwa cheusi, kama majani ya chai yaliyochujwa, kisha kikawa damu. Hospitali wakamwuliza mama yako ulikuwa unakunywa dawa gani, akasema hakuna, kwa sababu hakujua. Wakasema ni vidonda vya tumbo, vimepasuka. Mama yako hajawahi kuliona lile kopo la siagi ambamo kocha aliweka vidonge. Hajawahi kumsikia kocha alfajiri, sisi hatujatia kitu mdomoni, akitugawia vidonge vya maumivu na kucheka: “Mabinti, njooni mchukue karanga zenu.”

Siku ile ya turubai alikuwa ametugawia tena. Changu sikumeza. Nilikifumbata tangu asubuhi mpaka kikalowa jasho na rangi yake ikabaki kiganjani. Baada ya hotuba tukapangwa mstari, nikafika mbele.

“Marahaba. Habari ya mguu?”

“Mbaya.”

Hakusikia. Unajua sauti yangu, ulikuwa ukiniambia naongea kama naomba ruhusa ya kwenda chooni. Ikabidi nirudie. Mbaya. Nikafungua kiganja. Nikasema hiki ndicho Fausta alikuwa anakunywa kila siku ili akimbie, na sisi sote tunakunywa.

Kocha akacheka. “Huyu ana wivu, mheshimiwa, kaona namba yake inaponyoka.” Na wapo waliocheka naye. Regina alikuwa nyuma yangu, Regina tuliyelala naye kitanda kimoja. Kabla hajaulizwa akasema, “Wangu mzuri, mzuri kabisa.” Nilimwangalia kama kitu nilichokanyaga. Natamani nikuambie nimemsamehe. Bado.

Daktari alikichukua kile kidonge akakigeuza. Kisha akafunga kalamu, akamwomba kocha atoke pale, aende mbali zaidi, zaidi tena, hadi kwenye magoli. Akahamishia kiti nyuma ya darasa na kuanza upya, tangu msichana wa kwanza, mmoja mmoja. Hawakutoka haraka. Walichosema sijui. Wawili walitoka wakilia. Regina alipotoka hakuniangalia.

Jioni kocha akaniambia nikachunge mbuzi, kambini sina nafasi tena. Kwa hiyo timu ya mjini ndiyo basi. Nililia, sikufichi.

Viatu sikumrudishia. Nilivifua, nikavipeleka Tumati, nikakaa jikoni na mama yako, nikamwambia yote. Alikuwa anachambua maharage. Mikono ikasimama.

“Kila siku?”

“Kila siku, mama.”

“Na chai alikuwa hajanywa?”

Nikasema hajanywa. Aliendelea kuchambua, lakini alikuwa anatupa mazima na kubakiza mabovu. Baadaye akavichukua viatu, akavitundika kwenye msumari karibu na mlango. Akasema kocha akivitaka aje mwenyewe, na safari hii hapikiwi wali.

Daktari amesema mfupa wa ugoko umeingia ufa, nisikimbie kabisa mpaka uunge, na nile nishibe. Wenzangu wanapita hapa barabarani asubuhi, nasikia miguu yao. Nabaki nimekaa.

Lala, dada yangu. Sitakimbia kabla mfupa huu haujaunga, hata wote wakiniacha. Na mtu yeyote akiniuliza habari ya mguu, nitampa habari ya mguu, na nitaanza na wako.

Mdogo wako,
Martina